Nilivyoipatia ufumbuzi kompyuta iliyokuwa ikigoma kuwaka asubuhi

Kompyuta yangu ya mezani niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Madabodi (ubao mkuu unaounganisha vipande vyote) na prosesa (ubongo wa kompyuta) vilikuwa vya mtumba, nilivifuata Kariakoo. Kasha nilipewa na binamu yangu likiwa na pawa saplai yake ya zamani ndani, kile kifaa kinachogawa umeme kwa vipande vingine. RAM (kumbukumbu ya muda) na SSD (ya kuhifadhia mafaili) niliongeza baadaye kadiri pesa ilivyopatikana. Ndiyo inayonilisha hapa Makorora, Tanga. Siku za kazi naichapia mitihani ya shule, mwisho wa wiki nahariri video za harusi. Ilipoanza kugoma kuwaka nilijua lazima nilishughulikie, tena haraka, maana bi harusi akishalipa hataki kusikia habari za feni.

Tatizo lilikuwa hivi. Asubuhi nikibonyeza kitufe, feni ya prosesa inazunguka nusu duara, taa ya mbele inamulika mara moja, kisha kimya. Nikibonyeza tena, vilevile. Mara nyingine inajiwasha na kujizima yenyewe mfululizo, skrini nyeusi tii. Nikiing'ang'ania hatimaye inawaka, na ikishawaka haina neno: inafanya kazi ya video mpaka jioni bila kuzima wala kuganda. Mchana nikiizima nikaenda kuswali na kula, nikirudi inawaka kwa kubonyeza mara moja. Kesho yake asubuhi, yaleyale.

Kila niliyemweleza alikuwa na jibu tayari. Mmoja madabodi imekufa, mwingine RAM, mwingine nipige Windows upya. La Windows nililikataa palepale. Kama skrini haijaonyesha hata nembo ya BIOS, ile programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows, SSD bado haijaguswa, na Windows iliyomo ndani yake haiwezi kulaumiwa. La madabodi lilinitisha zaidi, kwa sababu madabodi zenye soketi ya kupokea prosesa yangu hazitengenezwi tena. Ukibadili hiyo, umebadili na prosesa na RAM. Hapo ni kununua kompyuta nyingine. Nikaamua sitoi hata shilingi mpaka nipime.

Kilichonishika ni hiyo asubuhi. Kitu kilichokufa hakichagui saa. Tena nilikumbuka kuwa tatizo lilianza masika yakielekea kwisha, likazidi kusi ilipoingia, asubuhi za Juni na Julai. Tanga mjini hakuna baridi ya Lushoto, lakini sakafu ya saruji ina ubaridi wake alfajiri, na kasha langu lilikuwa chini sakafuni.

Nilianza na yasiyo na gharama. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kasha kabla ya kushika kitu chochote. Nilitoa kadi ya video, SSD na RAM moja, nikabakiza madabodi, prosesa na RAM moja tu. Asubuhi ikagoma vilevile. Nikaitoa madabodi nje ya kasha, nikaiweka juu ya boksi kavu la kadibodi, ili nijue kama kuna skrubu au kipande cha chuma kinachoigusa kwa nyuma. Ikagoma. Nikaacha kitufe cha kasha, nikagusanisha zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi, kwa sababu vitufe vya makasha huku kwetu karibu na bahari huingia kutu upesi. Ikagoma. Angalau nilikuwa nimejua kuwa kasha, kitufe na kadi ya video hazihusiki.

RAM ilinishangaza. Nilipoiinua dirishani niliona meno yake ya dhahabu yamefifia, mengine yana madoa ya kahawia yenye ukungu wa kijani pembeni. Hewa ya chumvi hiyo; ukipitisha kidole juu ya kasha lolote lililokaa miaka kadhaa Raskazone au Chumbageni, vumbi lake linanata. Niliyasugua meno taratibu kwa kifutio cha penseli, kutoka juu kwenda chini, nikayapangusa kwa kitambaa chenye alkoholi ya aisopropili, nikaacha yakauke. Yalirudi kung'aa. Kompyuta iligoma kama kawaida, lakini kazi hiyo ningeifanya hata bila tatizo, na nakuomba nawe uifanye kama unakaa pwani.

Sasa nikaanza kuchunguza tofauti kati ya asubuhi na mchana, nikakuta ipo moja niliyokuwa naifanya kila siku bila kuifikiria. Usiku huwa nazima swichi ya ukutani, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi ghafla unaweza kuunguza vitu. Mchana sizimi ukutani, nazima kompyuta tu. Na kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini imechomekwa haijalala yote. Ndani ya pawa saplai kuna sehemu ndogo inayofanya kazi muda wote, inatoa volti 5 kwenye waya wa zambarau, na ndiyo inayoiwezesha madabodi kusikia kitufe kinapobonyezwa. Usiku mmoja nikaacha swichi ya ukutani bila kuizima. Asubuhi, pamoja na ubaridi wake, kompyuta iliwaka mara ya kwanza. Nikarudia usiku uliofuata kwa kuzima ukutani: ikagoma. Basi nikajua pa kwenda.

Nilikwenda Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara za namba, kwa mzee mmoja fundi redio aliyewahi kututengenezea televisheni nyumbani. Nilikuwa na nia ya kuazima mita ya kupimia umeme tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kimeharibika nini?"

Nilimweleza yote, na habari ya swichi ya ukutani. Aliniuliza kama nimepima. Nikamwambia nataka kupima usiku huohuo, kompyuta ikiwa imezimwa. Akatikisa kichwa.

"Ukikipima kimelala kitakudanganya. Kipime kinapoamka. Weka ncha za mita, halafu mwambie mtu abonyeze, wewe usitoe macho kwenye namba."

Hilo ndilo lililonifungulia njia. Plagi kubwa ya pawa saplai inayoingia kwenye madabodi ina matundu 24. Rangi zake zina maana, na kwa pawa saplai ya kawaida hazibadiliki: njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, rangi ya chungwa ni volti 3.3, nyeusi ni ardhi, yaani sifuri ya vipimo vyote, zambarau ni ile volti 5 ya muda wote. Kuna waya mmoja wa kijani na mmoja wa kijivu. Ukibonyeza kitufe, madabodi inaushusha waya wa kijani ugusane na ardhi, na hiyo ndiyo amri ya kuiamsha pawa saplai. Volti zote zikitulia, pawa saplai inajibu kwa waya wa kijivu kwamba mambo yako sawa, ndani ya milisekunde 100 hadi 500. Jibu hilo lisipofika, madabodi haimruhusu prosesa kuanza. Kwa hiyo feni inazunguka nusu duara na kusimama: amri imetoka, jibu halijaja. Na volti hizo haziruhusiwi kuachana na kipimo chake kwa zaidi ya asilimia 5; ile ya 5 isishuke chini ya 4.75 wala kuvuka 5.25, ile ya 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6.

Asubuhi nilianza na soketi ya ukutani, mita ikiwa kwenye volti za AC, yaani umeme wa ukutani. Ilisoma 228, na kipimo cha nchi ni 230, kwa hiyo umeme wa nyumbani haukuwa na kosa. Kisha nikaihamishia mita kwenye DC, umeme wa namna ya betri, ncha nyeusi nikaichomeka nyuma ya plagi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye zambarau. Kompyuta ikiwa imezimwa ilisoma 4.91. Kwa kipimo hicho mtu angesema pawa saplai ni nzima. Nikamwambia mdogo wangu abonyeze. Namba zikaporomoka hadi 4.3, zikapanda, zikaporomoka tena, na feni ikasimama. Mchana, kompyuta ikiwa imepata moto, waya uleule ulisoma 5.04 na kitufe kilipobonyezwa haukutikisika.

Hata hivyo bado kulikuwa na swali. Volti ikianguka, inaweza kuwa pawa saplai ni dhaifu, inaweza pia kuwa madabodi inavuta umeme kupita kiasi. Kupima waya peke yake hakutenganishi hao wawili. Hapo nikakumbuka mashine ya kukaushia nywele ya dada yangu mwenye saluni. Kama ubaridi ndio unaosababisha, basi nikipasha moto kifaa kimoja tu nitajua ni kipi. Asubuhi ya kwanza, kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, nilipuliza hewa ya uvuguvugu kwenye madabodi, nikiikinga pawa saplai kwa kipande cha kadibodi. Nikachomeka, nikabonyeza: imegoma. Asubuhi iliyofuata nikaikinga madabodi na kupuliza pawa saplai kupitia matundu yake, mpaka bati lake likawa vuguvugu mkononi. Nikachomeka, nikabonyeza mara moja. Ikawaka. Sikumbuki kazi yoyote ya kompyuta iliyonifurahisha kama ile. Dada yangu alidhani nimepata harusi nyingine.

Kuthibitisha, niliazima pawa saplai ya jirani yangu mwalimu. Iliwasha mashine alfajiri, swichi ya ukutani ikiwa imezimwa usiku kucha. Madabodi ambayo watu walikuwa wamekwisha kuizika ilikuwa nzima.

Kununua pawa saplai nako kuna mtego, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Usisome ile namba kubwa ya wati iliyoandikwa ubavuni. Tafuta jedwali dogo, uone ampea za volti 12, uzidishe kwa 12. Dukani nilipewa moja iliyojiita ya wati 500, jedwali lake linasema volti 12 ina ampea 18. Hiyo ni wati 216. Siku hizi prosesa na kadi ya video vyote vinakula kwenye volti 12, kwa hiyo wati 216 ndizo utakazozitumia, zilizobaki ni mapambo ya boksi. Prosesa yangu ni ya wati 65, kadi yangu haina plagi ya ziada, na kadi ya namna hiyo inavuta kwenye soketi ya madabodi wati zisizozidi 75. Sikuhitaji pawa saplai ya kutisha. Nilihitaji ya kweli. Nilichukua ya wati 450 yenye ampea za kutosha kwenye 12 na alama ya 80 Plus (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), tena nzito mkononi. Uzito si kipimo rasmi, lakini iliyo nyepesi kama boksi tupu mimi siiamini.

Ile ya zamani nilimpelekea mzee. Nasema hili kwa mkazo: usiifungue mwenyewe kama si fundi. Umeme wa 230 ukishageuzwa kuwa DC ndani mle unafika takriban volti 325, na kapasita kubwa inaweza kuuhifadhi hata baada ya kuchomoa waya. Mzee aliumaliza kwanza kwa kutumia rezista, akapima kuhakikisha umeisha, ndipo akaniita nitazame.

Kwenye kona ya ile sehemu ya volti 5 za muda wote zilikuwepo kapasita mbili zimebanana na kipande cha bati kinachopata moto. Vichwa vyao vilikuwa vimevimba, kimoja kimepasuka kwenye ile alama ya msalaba na kutoa ute wa kahawia uliokauka. Aliitoa moja kwa solda, akaipima. Ubavuni imeandikwa mikrofaradi 1000, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi. Mita ilisoma 310. Kapasita hizi kazi yake ni kama simtanki la maji juu ya nyumba: kuweka akiba ili mtu akifungua bomba ghafla maji yasikatike. Ndani yake kuna umajimaji, na joto la miaka linaukausha. Ukipungua, upinzani wa ndani unapanda, na kwa ubaridi unapanda zaidi; zikipata moto unashuka kidogo, kapasita inajikongoja. Ndiyo maana mchana iliwaka na asubuhi ikagoma, na ndiyo maana sehemu hiyo hufa mapema kuliko nyingine, maana haipumziki kamwe ikiwa imechomekwa. Feni yake nayo ilikuwa imezibwa na vumbi lenye kunata, kwa hiyo joto lilikuwa halitoki.

Mzee alizibadili zote mbili, akaweka zilizoandikwa kuvumilia joto la nyuzi 105 badala ya 85. Kwa kapasita za aina hii, kila ukipunguza joto kwa nyuzi 10 umri wake unakaribia kuwa mara mbili. Pawa saplai hiyo sasa iko kwenye meza yake, anaitumia kupimia vitu vya wateja. Mimi kasha nimelipandisha juu ya stuli, na feni nazisafisha kila msimu wa upepo unapobadilika.

Kitu kimoja kilibaki. Saa ya kompyuta ilikuwa ikirudi nyuma kila nilipozima ukutani, na BIOS inasahau mpangilio wake. Hilo halikuwa na uhusiano na pawa saplai. Ilikuwa betri ya duara ya CR2032 kwenye madabodi; ikiwa mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo, yangu ilisoma 2.5. Nilinunua nyingine kwenye duka la saa, nikaiweka upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, nikarekebisha tarehe. Asubuhi hiyohiyo nikaanza kuchapa mitihani ya darasa la saba.