Kahawa Isiyobebeka

Kila ninapowasikia watu wakishauriana namna ya kutuliza nafsi, ushauri huwa ni ule ule: safiri, zima simu, jitenge. Sina ugomvi nao, ila naona kwamba hapa Mombasa yapo mambo madogo yanayomlazimu mtu kutulia pale pale alipo, wala hayamdai nauli.

Mfano ninaoupenda ni kahawa chungu ya jioni katika Mji wa Kale. Baada ya sala ya alasiri, muuzaji hufika barazani na dele lake la shaba lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe mkononi ili hata waliomo ndani wamsikie. Kikombe chenyewe ni kidogo, hakina mkono, na kahawa iliyotiwa tangawizi huwa ya moto kiasi kwamba mtu hukishika kwa ncha za vidole na kunywa funda dogo dogo. Isitoshe, kikombe si chako. Kitasuuzwa apewe mwingine, kwa hivyo huwezi kuondoka nacho ukanywa njiani, kama wafanyavyo siku hizi wanaonunua kahawa ya bilauri za karatasi. Sharti uketi. Ukishaketi, kashata ikiwa mdomoni, utajikuta unasikiliza habari za jirani anayeoza binti, au ubishi wa mpira usiokwisha, mambo ambayo hukuyafuata na ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo hasa yanayoifanya jioni iwe jioni.

Bahari nayo ina masharti yake. Maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kwa karibu dakika 50 kuliko jana, hivyo anayetaka kutembea ufukweni hawezi kutegemea mazoea. Inambidi ayatazame maji yenyewe. Wakati wa bamvua hupwa mbali sana, nao watoto huinama kwenye vidimbwi kutafuta kaa, wasisikie hata wakiitwa chakula.

Sisi wakubwa huvuka Likoni kwa feri tukiwa tumeinamia simu, ilhali upepo wa pale ni wa bure. Siwalaumu wenzangu, kwani safari ni ya dakika chache na kila mtu ana lake. Hata hivyo, meli ya makontena inapopita kuelekea bandari ya Kilindini, feri hulazimika kuipisha, na hapo hata mwenye haraka kuliko wote huinua macho akamuuliza jirani yake asiyemjua: hii nayo imetoka wapi?