Jinsi nilivyotatua joto kali la tingatinga kuukuu
Tingatinga letu kuukuu, lililokuwa likisawazisha kiwanja Kigamboni, lilichemka kila lilipofanya kazi nzito kwa takriban nusu saa, ingawa rejeta ilikuwa imezibuliwa na mkanda wa feni umekaza vizuri. Nilishuku kuwa gasketi ya silinda hedi inavuja, lakini sikuona mapovu kwenye rejeta wala maji kwenye oili.

Nilipofungua mahali pa thamostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, nilikuta patupu: fundi aliyetangulia alikuwa ameing'oa, mazoea ninayoyaona mara kwa mara hapa Dar es Salaam, akiamini maji yatapita kwa wepesi zaidi. Katika injini hii, thamostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu; isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Nilinunua mpya, nikaijaribu kwanza ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto, ikaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Tangu niifunge kwenye injini, mshale wa geji ya joto haujavuka eneo la kijani.