Mchumba sijampata, ila risiti ninayo

Jamani, nicheke au nilie? Mwezi wa tatu nilijiunga na wakala mmoja wa kutafutia watu wachumba, papa hapa Mombasa. Shilingi 4,500, nikatuma kwa M-Pesa siku ile ile, nikaahidiwa kukutanishwa na wanaume watatu "waliochunguzwa". Wa kwanza ana mke na watoto wawili. Wa pili hajaonekana mpaka leo. Wa tatu, nikaambiwa niongeze 2,000 kwanza.

Hapo nikagutuka. Nikaomba pesa zangu, yule dada akanijibu kwa ukali kwamba ada hairudishwi. Mbona hukuniambia kabla sijalipa? Kimya.

Shangazi, ambaye huko soko la Kongowea hapunjwi hata nyanya moja, ndiye aliyenifungua macho: "We mwanangu, si umenunua huduma?" Kumbe Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, kuelezwa anayohitaji kujua, na kufidiwa akitiwa hasara. Na picha zangu je? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaniruhusu kudai zifutwe.

Nikaandika barua, nikaambatisha ujumbe wa malipo na ahadi zao zote za WhatsApp. Wamerudisha 3,000. Zilizobaki bado nazidai.

Anayenitafutia mchumba sasa ni shangazi mwenyewe, bure, ingawa maswali yake yanashinda ya polisi.