Siku moja zamu ya dharura: mama yuko sakafuni, faili halijafunguliwa

Saa 1:30 asubuhi. Tukishakabidhiana zamu, kitoroli cha dharura kwanza: ampuli 10 za adrenalini (dawa ya moyo uliosimama), dekstrozi 50% (maji mazito ya sukari), kanula za kuweka mshipani, ambu bagi (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa), glukometa (kipima sukari) na vitepe vyake. Geji ya oksijeni ikisoma chini ya robo, mtungi unabadilishwa sasa hivi.

Saa 4:10. Mama ameanguka kwenye foleni ya maabara, hatua mia hivi kutoka kwetu. Mlinzi haruhusiwi kumgusa, anawaita mapokezi. Mapokezi wanataka jina wafungue faili. Bila faili hakuna namba ya malipo, bila malipo famasi haitoi dawa. Kila mtu amefuata utaratibu wake, na mama bado yuko chini. Kama moyo wake ungekuwa umesimama, kila dakika bila kukandamizwa kifua na kupigwa shoti ya umeme ingepunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Tunakimbia na machela. Anapumua, kanga imelowa jasho, meno ameyauma. Sukari 1.9, iko chini mno. Dekstrozi mililita 50, polepole, kwenye mshipa mkubwa, maana ikivuja nje inaunguza nyama. Dakika chache baadaye anaulizia kadi yake. Alichoma insulini, inayoshusha sukari, alfajiri, akaja na njaa kupima sukari. Siku za kliniki ya kisukari foleni hiyo ingewekewa muuguzi na glukometa, hawa tungewawahi wakiwa bado wamekaa.

Faili lake tumeliandika “Hajulikani Ke 1”, yaani mwanamke wa kwanza asiyejulikana. Jina na bili vimefuata baadaye, na hakuna kilichopotea.

Saa 7:00 mchana. Kijana wa bodaboda, paja limevunjika. Dirishani wanauliza, “Sista, PF3 yake iko wapi?” PF3 ni karatasi ya polisi, ya ushahidi. Paja moja huweza kuficha lita nzima ya damu au zaidi, bila tone kuonekana sakafuni. Basi ndugu yake anaenda kituoni; sisi tunafunga banzi, tunaweka kanula mbili nene, tunatuma damu ipimwe kundi.

Saa 9:30. Stoo hawatoi dekstrozi nyingine bila risiti ya ile ya asubuhi. Hapa ndipo kitoroli hubaki kitupu bila mtu kujua. Kinachotakiwa ni idadi ya kudumu na daftari la kusaini, kilichotumika kirudishwe kabla zamu haijaisha. Mkuu wa zamu amesaini, tumepewa.

Saa 1:30 usiku. Tunakabidhi: adrenalini 10, dekstrozi imerudi, mtungi umejaa.