Taimingi haipigwi kwa sikio: siku moja maishani mwangu kama fundi wa dizeli

Saa 1 asubuhi. Injini ya dizeli husema ukweli ikiwa baridi, kwa hiyo nafika mapema kabla mtu hajaiwasha. Leo kuna pikapu ya silinda nne yenye pampu ya dizeli aina ya Bosch VE. Kwingine ilibadilishwa mkanda wa taimingi, ule unaoizungusha pampu ili dizeli iingie kwenye silinda kwa wakati wake, na tangu hapo haivuti. Naweka kiganja kwenye bloku: baridi kabisa. Inawashwa. Inazunguka muda mrefu, inashika, kisha moshi mweupe unatanda nyuma ya gari, ule unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi. Hiyo ni dizeli iliyopita bila kuungua. Sauti nayo ni nzito, haina ule mlio mkali wa kugonga wa injini inayochoma mapema. Nahisi pampu inachelewa kupiga dizeli, lakini siigusi bado.

Saa 2. Hapa ndipo natofautiana na mafundi wengi. Wakiona moshi mweupe wanalegeza nati za pampu na kuisukuma huku injini inaunguruma, mpaka sikio liridhike. Mimi nasema pampu iguswe mwisho. Plagi za kupasha zikifa, asubuhi utaona moshi uleule. Kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ikishuka, moshi uleule. Nozeli, ile ncha ya injekta inayonyunyiza dizeli, ikivuja, vilevile. Ukizungusha pampu ili kuficha nozeli mbovu, mwenye gari anaondoka na ugonjwa wa zamani na mwingine mpya juu yake.

Basi tunapima plagi moja moja, tunaweka kipande cha mpira angavu kwenye njia ya dizeli kuangalia mapovu ya hewa, kisha, injini ikiunguruma, tunalegeza nati ya bomba la kila injekta kwa zamu tusikie sauti ikibadilika, kitambaa juu, mikono mbali. Dizeli ya presha ile inatoboa ngozi. Tundu lake ni dogo kama la sindano, lakini mtu anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo hata kama haumwi. Kijana ninayemfundisha alilisikia hilo kabla sijamkabidhi spana.

Silinda zote nne zinajibu sawasawa. Plagi nzima. Hakuna hewa. Sasa taimingi.

Saa 3 hadi saa 5. Kwanza alama za mkanda, maana ukiruka jino moja hakuna kuzungusha pampu kutakakokuokoa. Ziko sawa. Basi aliyeufunga mkanda aliisogeza pampu yenyewe na hakuipima alipoirudisha.

Nazungusha kranki, shafti kuu ya injini, kwa spana mpaka pistoni ya kwanza ifike juu kabisa kwenye mpigo wa kompresheni. Alama ya puli peke yake haitoshi, kwani hutimia pia pistoni ikiwa juu kwenye mpigo wa kutoa moshi. Nathibitisha kwa valvu: za silinda ya kwanza lazima ziwe zimefunga zote mbili. Wenzo wa kuwashia baridi nao lazima uachiwe, maana ukibaki umevutwa unawahisha dizeli na kipimo chote kinakuwa cha uongo. Kwenye gari hili nauzuia usijivute kwa kipande cha chuma.

Katikati ya mabomba manne nyuma ya pampu kuna boliti ndogo. Naitoa na kufunga geji ya saa, kipimo cha mshale kinachosoma milimita, mahali pake, ncha yake igusane na planja, ile fimbo ya ndani ya pampu inayosukuma dizeli, kwa kuikandamiza kidogo. Narudisha kranki nyuma taratibu. Mshale unashuka, unashuka, halafu unasimama ingawa kranki bado inazunguka. Hapo planja iko chini kabisa, na hapo ndipo sifuri yangu. Kisha nakwenda mbele, polepole, mpaka alama ya pistoni juu. Geji inasoma 0.68. Kitabu cha injini hii kinataka 0.90.

"Fundi, umepita kidogo, rudisha," kijana ananiambia.

Hapana, hairudishwi hivyo. Ukipitiliza alama, unarudi nyuma mbali kabisa, halafu unakuja tena kwa mwelekeo wa mzunguko, ili ulegevu wote wa meno na mkanda uwe umevutwa upande mmoja. Tunarudia. Bado 0.68.

Nalegeza nati za pampu na za mabomba yake, naigeuza pampu kinyume na mzunguko wa shafti yake. Hiyo ndiyo njia ya kuwahisha. Mshale unapanda: 0.80, 0.87, 0.90. Nakaza, napima upya, imeshuka hadi 0.88. Kukaza kunaisogeza pampu mara nyingi, na ndiyo maana kipimo cha kuaminika ni kile cha baada ya kukaza. Nalegeza, naiweka juu kidogo, nakaza. 0.90.

Kijana anauliza kwa nini nahangaika na sehemu mbili za mia za milimita. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, digrii moja ya kranki hupita kwa sehemu moja ya 18,000 ya sekunde. Hakuna sikio la hivyo. Na pampu hii ina pistoni ndogo ndani inayowahisha dizeli yenyewe kadiri resi inavyopanda. Sisi tunaiwekea mahali pa kuanzia tu, kwa hiyo mwanzo ukiwa mbovu, unabaki mbovu kwenye kila mwendo.

Saa 6. Tunatoa hewa, tunawasha. Inashika haraka, moshi mweupe haupo. Barabarani inavuta mlima kwa gia ya tatu bila kulalamika.

Saa 8 mchana. Injini ya silinda moja ya kusukuma maji. Mwenyewe anasema mpini wa kuwashia ulimrudi nusura umvunje mkono. Najua pa kuangalia: chini ya pampu. Vile vipande vyembamba vya bati vilitolewa siku pampu ilipofunguliwa, havikurudi vyote. Bila vipande hivyo pampu inakaa karibu na kamu, ile nundu inayozunguka na kuisukuma, dizeli inawahi mno, na mlipuko unaikuta pistoni bado inapanda. Naongeza kipande, natoa bomba la presha, nazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mkono huku nikitazama mdomo wa pampu. Dizeli ikitikisika tu, nasimama na kusoma alama. Bado mapema. Kipande kingine chembamba, na alama zinakutana.

Saa 11 jioni. Dereva wa lori anakuja na ombi ninalolisikia mara kwa mara: "Fundi, nipandishie taimingi kidogo, nipate nguvu." Namkatalia. Ukiwahisha kupita kipimo, utasikia mlio mkali wa kugonga na kudhani ni nguvu, kumbe presha inapigana na pistoni, na wanaolipa ni gasketi ya hedi na beringi. Namuuliza chujio la dizeli lilibadilishwa lini, na nozeli zilipimwa lini. Hakumbuki. Tumekubaliana alete lori Jumatatu, tuanzie hapo.