Siku moja Tanga na fimbo nne za bei mbaya

Saa 11 alfajiri. Nimeshaswali, chai na vitumbua viko mezani, na pembeni yake kuna fimbo nne za kuvulia kwa chambo cha manyoya. Kila moja inauzwa zaidi ya dola 1,000. Mwenye boti anataka fimbo za kuwapa wageni wanaokuja mikono mitupu. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesimama nao majini, kanikabidhi nizipime kabla hajatoa hela.

Kwanza nafunika majina yote kwa plasta, kisha nafunga uzi wa rangi kwenye kila kishikio: mwekundu, mweupe, kijani, bluu. Ukishaliona jina kubwa, mkono unaanza kulisifia jina.

Kwa msiozijua fimbo hizi: chambo chake ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoano, hakina uzito wa kwenda popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Ndiyo maana namba ya fimbo inafuata uzito wa mshipi. Hizi zote ni namba 9, urefu futi 9. Namba 9 ni mshipi ambao futi 30 zake za mwanzo, yaani mita 9 na ushee, zina gramu 15.6 hivi. Nimeuweka mshipi wetu kwenye mizani ya jikoni: umeandikwa 9, lakini unakaribia gramu 18, uzito wa namba 10. Watengenezaji wengi wa mishipi ya baharini huzidisha hivyo makusudi. Basi leo mshipi ni huuhuu mmoja kwa fimbo zote nne.

Saa 12 na nusu. Uani. Nabana kishikio mezani, fimbo imelala sawa na ardhi, nakining'iniza kifuko kwenye ncha na kutia mchanga kidogo kidogo mpaka ncha ishuke theluthi ya urefu wa fimbo. Kisha napima mchanga. Kipimo hiki kilibuniwa na Mmarekani William Hanneman, yeye akitumia sarafu za senti moja za kwao. Matokeo yamenifurahisha: zote nne zinaitwa namba 9, lakini ya bluu imemeza mchanga mwingi kuliko zote, kwa mbali. Ni ngumu kama fimbo ya namba ya juu zaidi. Naandika, sihukumu bado.

Saa 2. Raskazone, ufukweni hapa Tanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo nne zinanunua injini nzima, unajua?"

Nahodha wetu amevua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, na maswali yake huwa ya maana. Anauliza kwa nini zisiwe za mwanzi. Namwambia zilikuwa za mwanzi, tena mwanzi wa Tonkin kutoka Guangdong, Uchina. Zikafuata za faiba ya kioo, na mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ya Marekani ikaleta za nyuzi za kaboni. Anaichukua ya kijani, anaitikisa, anairudisha. "Nyepesi, lakini kichwa kizito." Hapo kagusa jambo ambalo mizani haikuonyesha. Fimbo inaweza kuwa na gramu chache kwa jumla, ila uzito ukikaa juu, kiwiko ndicho kinacholipa.

Hatuelekei Mwambani. Kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009, na ina vibali vyake. Tunapita Kisiwa cha Toten, tunatafuta fungu la mchanga.

Saa 4. Ni bamvua, maji yamekupwa kabisa, fungu liko wazi, na kaskazi ndiyo kwanza inaamka. Saa hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Nimechomeka vijiti kwenye mchanga: mita 8, mita 15, mita 25.

Kwenye mita 25 ya bluu inatisha. Mshipi unatoka kama mshale, unakata upepo, na yeyote angeinunua papo hapo. Dukani watu hujaribu hivyo hivyo, wanarusha mbali kwenye nyasi, wanalipa. Lakini samaki wa mafunguni hawaji hivyo. Kolekole hutokea ghafla kwenye ukingo wa maji, hatua chache kutoka mlipo, na mgeni ana sekunde tatu nne za kuweka chambo mbele yake. Kwa mita 8 mshipi ulio nje ya ncha ni mfupi, uzito wake mdogo, na fimbo ngumu haipindi. Isipopinda haina nguvu ya kurudisha. Ya bluu inaanguka vibaya hapo, mshipi unajikunja na chambo kinatua kando. Nyekundu inapinda kwa mshipi huohuo mfupi na inaweka chambo kwenye kijiti, hata upepo unapopanda. Nyeupe inaikaribia. Mwenye mkono wa miaka mingi ataimudu bluu; mgeni wa wiki moja itamvunja moyo, na mimi sitaki kumwona mtu amesafiri mpaka Tanga kisha anajiona hawezi.

Saa 7. Maji yanajaa. Kolekole mdogo kapanda kwenye nyekundu, tumemrudisha majini.

Saa 9. Hapa ndipo ninapozipima tena, makusudi, mkono ukiwa umechoka. Kijani imekwisha kabisa. Neno la nahodha limetimia. Halafu nafunga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, mizani kwenye nguzo ya boti, navuta kila fimbo ikiwa imelala, kisha ikiwa wima. Ikilala, mzigo unashuka kwenye sehemu nene ya chini. Ikisimama, mzigo wote unabaki nchani, na hapo ndipo fimbo za bei zote huvunjika. Kampuni ya Orvis ya Vermont, Marekani, inatoa dhamana ya miaka 25 kwa fimbo zake, jambo zuri sana, ila kipande kilichovunjika Tanga kinapaswa kusafiri na siku za kuvua zinapita.

Saa 12 jioni. Nimeziosha kwa maji baridi, nimezitenganisha vipande ili chumvi isigandie kwenye maungio, nimefuta kila pete. Ripoti kwa mwenye boti ni fupi: nyekundu mbili, nyeupe moja, bluu tumwachie mgeni ajaye na yake. Na hela ya fimbo ya nne iende kwenye mishipi mipya, maana jua letu linaikausha na kuipasua upesi, na nyekundu yenye mshipi uliopasuka haina tofauti na fimbo ya bei rahisi.