Mkono wa Mjomba

Wapendwa, Bwana asifiwe. Neno la juma hili ni Luka 24:13-35, ile safari ya Emau. Naomba ulisome polepole, hata kama umelisikia kila Pasaka tangu utotoni.

Jumatano jioni tulikuwa kwenye matatu ya kutoka mtaa wa Donholm kwenda mjini Nairobi, mimi na mwanangu wa miaka 12, gitaa limesimama katikati ya magoti yetu. Tulikuwa tunaenda mazoezi ya kwaya. Mchana mvua ilikuwa imenyesha, na anayeijua Barabara ya Jogoo baada ya mvua hahitaji kuelezwa. Pale kituo cha Hamza tulikaa mpaka dereva akazima injini. Muuza njugu alipita dirishani mara mbili, yule yule, na mara ya pili hata hakututazama. Kisha matatu nyingine ikapanda ukingo wa barabara, ikatupita na kujipenyeza mbele yetu. Nikasonya. Sikutukana, wala sikusema neno. Nilisonya tu kwa upande wa mdomo, nikageuza uso.

Sikulikumbuka tena jambo hilo mpaka Ijumaa asubuhi. Dada mdogo wa mwanangu alikawia kumpa sabuni, nikasikia msonyo ule ule ukitoka kwa mtoto. Urefu wake ulikuwa wangu. Hata kichwa alikigeuza upande ninaogeuza mimi.

Nimeketi na mtoto huyu usiku mwingi kumfundisha aya za kukariri, na nusu yake amesahau. Msonyo sikumfundisha, na ameushika wote, bila makosa.

Mimi mwenyewe nilijifunza gitaa hivyo hivyo. Mjomba wangu, kule Butere, alipiga omutibo, mtindo wa gitaa kavu, lisilo la umeme, wa Magharibi mwa Kenya ambao wengi wameujua kupitia kwa mwanamuziki George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Kidole gumba kinabeba besi, cha shahada kinaimba juu, na mwenzako kando anagonga chupa ya soda kukutunzia mwendo. Hapakuwa na daftari wala darasa. Kila likizo nilikuwa naketi kwenye kigoda mbele yake, natazama. Nikimuuliza swali hakunijibu kwa maneno, alirudia tu kipande kile kile, polepole kidogo kuliko mara ya kwanza. Nikiuliza tena, anapunguza mwendo tena. Sijawahi kupata mwalimu mvumilivu kuliko yule.

Sasa, kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekatwa na panga shambani kwenye miwa, akiwa kijana. Kilipona lakini kikakakamaa, hakikukunjika tena. Kwa hiyo alikikwepa. Pale ambapo mpigaji mwingine angebonyeza kwa kidole hicho, yeye alitelezesha cha pete haraka kwenye uzi, na sauti ikatoka na mkokoto mdogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Nilidhani ndio mtindo wenyewe. Nikaujifunza, nikaufanyia mazoezi hasa. Vidole vyangu vyote ni vizima, na kwa miaka yote hii nimepiga kama mtu mwenye kidole kibovu.

Alipofariki tulikwenda kumzika. Usiku wa kuamkia mazishi wakanipa gitaa nipige. Palikuwa na mzee mmoja karibu na moto, macho yamefifia, simjui wala hanijui. Nilipofika mahali pa ule mkokoto aliinua mkono watu wanyamaze, akauliza, "Ni nani huyo mwenye mkono wa marehemu?"

Tangu siku hiyo nasoma habari ya Emau kwa jicho lingine. Luka anasema kijiji kile kilikuwa mwendo wa stadio 60 kutoka Yerusalemu, takribani kilomita 11. Kwa miguu ni saa mbili na zaidi, na kwa watu waliovunjika moyo ni zaidi sana. Wale wanafunzi wawili walikuwa wameipa Yerusalemu kisogo. Bwana aliyefufuka asubuhi ile ile angeweza kuwasimamisha kwa neno moja na kuwarudisha. Badala yake alishika mwendo wao. Akawauliza wanazungumza nini, akawaacha waeleze yote, hata yale waliyoyaelewa vibaya, ndipo akawafafanulia maandiko kuanzia Musa na manabii wote. Hebu fikiria mahubiri hayo! Mioyo yao iliwaka, wenyewe walikiri baadaye. Lakini hawakumtambua.

Walimtambua mezani. Alitwaa mkate, akabariki, akaumega, akawapa, na macho yao yakafumbuliwa. Waliporudi Yerusalemu usiku ule walisimulia hasa hilo, jinsi alivyojulikana kwao katika kuumega mkate.

Kleopa, mmoja wa wasafiri wale wawili, hakuwa kati ya mitume kumi na wawili, na Luka 22 inataja mitume kuwa ndio walioketi na Yesu kwenye ile karamu ya mwisho. Basi aliona wapi mkate ukimegwa vile? Luka hasemi. Lakini rudi nyuma mpaka sura ya 9, kwenye wale elfu tano: Yesu alitwaa, akatazama mbinguni, akabariki, akamega, akawapa wanafunzi. Vitendo ni vile vile. Nawaza, na nasema hili kwa unyenyekevu, kwamba labda Kleopa alikuwa ameketi kwenye majani siku ile, akaitazama mikono ile bila kujua kwamba anajifunza kitu. Labda alimwona Yesu akimega mkate jioni nyingi za kawaida ambazo hakuna aliyeziandika. Mahubiri yaliuwasha moyo wake, lakini mikono ndiyo aliyoitambua.

Kuna andiko ambalo kwa muda mrefu nimelipita haraka, 1 Wakorintho 11:1, Paulo anapowaambia watu wamfuate yeye kama yeye anavyomfuata Kristo. Nililiona ni la mitume, si la mtu wa Donholm. Lakini mtoto hangojei umwambie akufuate. Ameshaanza. Tunapenda kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na tunapolisema huwa tunawaza zile saa tunazojua kwamba tunalea. Hamza, injini imezimwa, mimi sikujua.

Safari za polepole zimekuwa shule tangu zamani. Zaburi kumi na tano, kuanzia ya 120 mpaka ya 134, zimeandikwa juu yake kuwa ni wimbo wa kupanda, na wengi huamini ziliimbwa na mahujaji wakipanda kwenda Yerusalemu. Yesu alipokuwa na miaka 12 alisafiri katika msafara kama huo, na wazazi wake walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo kati ya jamaa. Maana yake watoto walitembea na yeyote: shangazi, jirani, binamu. Walisikia nani anaimba na nani ananung'unika. Na hekaluni penyewe, 1 Mambo ya Nyakati 25 inahesabu waimbaji stadi 288, kisha inasema kura za zamu zilipigwa sawasawa kwa mdogo na mkubwa, kwa mwalimu na mwanafunzi. Nalipenda sana jambo hilo. Mwanafunzi alisimama zamu moja na mwalimu wake, karibu naye, anamwona vidole.

Ijumaa jioni nilimwita mwanangu jikoni. Nilimwambia ule msonyo ameutoa kwangu, kwamba nilikosea pale barabarani, na kwamba naomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini baba, yule dereva alikuwa na makosa." Nikamwambia ni kweli, alikuwa na makosa.

Jumamosi tulirudi barabara ile ile. Foleni ilianza mapema zaidi, na karibu na Stadium tukasimama kabisa. Mtoto alikuwa amelitoa gitaa kwenye mfuko, amelilaza mapajani, anabonyeza nyuzi bila kupiga ili asisumbue abiria. Nikatazama mkono wake wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimenyooka hewani, kimekakamaa, na kile cha pete kinateleza mahali pake.

Sikusema kitu. Niliweka mkono wangu mwenyewe kwenye shingo ya gitaa, nikakunja kidole changu cha mwisho, kile ambacho sijawahi kukitumia, nikakishusha kwenye uzi. Kilitetemeka. Niligusa uzi kwa mkono wa kulia, sauti ikatoka hafifu, imezibwa nusu. Nikarudia polepole zaidi. Kisha na yeye akajaribu.

Dereva alikuwa bado hajawasha injini.